Je, Wajua? Seli Zako Zinajila Ili Wewe Uishi

Ndugu msomaji wa Lubumbashi, maliza bukari yako kwanza, kisha sogea hapa. Leo tunaingia ndani ya seli, na humo mna maajabu!

Je, wajua kwamba mwili wako unashughulikia protini nyingi kuliko unazokula? Mtu mzima hula takriban gramu 70 kwa siku, lakini mwili wake huvunja na kujenga upya gramu 200 hadi 300. Nyingi zinatoka kwako mwenyewe! Njia mojawapo ni otofajia: seli inakamata vipande vyake vilivyochoka, inavimeng'enya, inavitumia tena.

Je, wajua kwamba frigo ilisaidia kugundua mahali seli inapomeng'enyea chakula chake? Desemba 1949, huko Leuven, Ubelgiji, kundi la Christian de Duve liliweka sampuli za ini la panya kwenye frigo kwa siku 5. Walipozipima tena, kimeng'enya walichokuwa wakikipima kilikuwa kimeongezeka nguvu! Kumbe kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko vidogo. Mwaka 1955 vikaitwa lisosomu, na mwaka huohuo chuo kikuu cha hapa Lubumbashi kikaanzishwa. De Duve ndiye aliyeipa otofajia jina lake, 1963.

Je, wajua kwamba hamira ya mikate ilishinda Nobel? Yoshinori Ohsumi wa Japani aliinyima hamira chakula, akaichungulia kwa darubini, na baada ya saa chache tu akaona vifuko vya otofajia vikirundikana. Mwaka 1993 alitangaza jeni 15 zinazoendesha kazi hiyo. Wewe unazo jeni ndugu zake mwilini mwako! Nobel ikamfikia 2016, peke yake.

Je, wajua ukubwa wa kifuko kimoja cha otofajia? Takriban mikromita 1. Panga 1,000 mstarini na utajaza milimita 1 tu!

Je, wajua nani anaizuia seli isijile ovyo? Ni protini iitwayo mTOR. Ukishiba, inaifunga otofajia. Ukiona njaa, inaiachia. Na dawa inayoikamata mTOR, rapamisini, ilitoka kwenye udongo uliochukuliwa 1964 katika kisiwa cha Pasaka, katikati ya bahari ya Pasifiki. Konzi ya udongo, dunia nzima ikafaidika!

Je, wajua kwamba mtoto wa panya hujila mara tu anapozaliwa? Kondo likikatika, chakula kimekatika, na maziwa bado. Ndani ya saa 3 hadi 12 otofajia inapanda sana. Mwaka 2004 Wajapani walionyesha kwamba panya wasio na jeni ya otofajia iitwayo Atg5 hufa ndani ya siku 1. Siku moja tu, msomaji!

Je, wajua kwamba wakati unasoma neno hili, mwili wako umetengeneza seli nyekundu za damu takriban milioni 2? Hiyo ni kila sekunde! Na kila moja, kabla ya kukomaa, inakula mitokondria zake zote, yaani viwanda vyake vya nishati, hadi zinakwisha.

Je, wajua kwamba dakika 30 za kukimbia zinatosha kuamsha otofajia katika misuli ya panya? Watafiti walilithibitisha hilo 2012. Hawakuhitaji dawa yoyote.

Sasa utauliza: wanaipimaje? Subiri usikie!

Je, wajua kwamba kuna protini inayonenepa halafu inakimbia zaidi? Inaitwa LC3. Kifuko kinapoundwa, LC3 inabandikwa mafuta na uzito unaongezeka. Lakini kwenye jeli ya maabara inaipita mbio ile nyepesi! Watafiti husoma mistari hiyo 2 na kujua kazi imeanza.

Je, wajua kwamba konyeza, kiumbe laini cha baharini, anasaidia kupima? Protini yake ya kijani huunganishwa na nyekundu, kisha zote mbili na LC3. Kifuko kipya hung'aa njano. Kikiingia kwenye asidi ya lisosomu, kijani kinazimika na nyekundu inabaki. Rangi yenyewe inakwambia safari imefika!

Je, wajua kwamba Nivaquine, ile dawa chungu ya malaria, ni kifaa cha maabara? Ukiona malori yamejaa Kasumbalesa, huwezi kujua kama yamekuja mengi au mpaka umefungwa. Vifuko ni hivyohivyo! Kwa hiyo watafiti hufunga mlango wa mwisho makusudi kwa klorokwini, yaani Nivaquine hiyo, kisha huhesabu vinavyorundikana. Hapo ndipo kasi ya kweli inapojulikana.

Je, wajua kwamba mwongozo wa kupima otofajia, toleo la 2016, una waandishi zaidi ya 2,000? Andiko moja tu!

Na hii je, mwana Katanga? Nchi yetu huchimba zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, lakini mwili wako wote una karibu gramu 0.1. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba shaba lazima ishikamane na protini ULK1 ndipo iweze kuanzisha otofajia vizuri. Walipoharibu mahali shaba inaposhika, uvimbe wa saratani ya mapafu katika panya ulipungua kukua. Madini kama ya ardhi yetu yanaisaidia seli ijile. Mwambie jirani yako leo!