Swali la Daktari Ambalo Twalificha

Mgonjwa afikapo hospitali na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, huulizwa: umewahi kutibiwa kifua kikuu? Mke wa mtu hutazama chini, mavyaa yake yu ubavuni, naye hujibu, la. Basi huandikwa mgonjwa mpya.

Tunawaomba akina mama wa Kibokoni na mitaa jirani walipime jibu hilo. Dawa za kifua kikuu cha kawaida hunywewa miezi sita: nne kwa pamoja miezi miwili ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi minne. Huchanganywa kwa sababu katika mamilioni ya vijidudu vilivyomo mapafuni hapakosi vichache ambavyo dawa moja haiviui. Hilo lilidhihirika tangu miaka ya 1940, streptomaisini ilipotumiwa peke yake: wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wao maradhi yakawarudia na dawa isiwafae tena. Na anayeacha vidonge mwezi wa pili kwa kuwa homa imeondoka na mwili umenawiri huenda akavibakisha vile vilivyo vigumu kufa.

Ndiyo sababu ya swali. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 usugu wa dawa iitwayo rifampisini ulikuwa kwa wagonjwa wapya kama 3 katika kila 100, na kwa waliowahi kutibiwa kama 16. Wala hao watatu hawakuacha dawa yoyote. Walivuta hewa yenye vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu, na nyumba zetu za Mji wa Kale twazijua: chumba cha ndani, dirisha limefungwa, wajukuu wamelala na nyanya yao.

Siku hizi makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, na kwa muda wa saa mbili hivi usugu wa rifampisini hujulikana. Lakini kipimo chake cha kawaida hakioneshi usugu wa isoniazidi, dawa ya pili iliyo nguzo ya tiba. Historia ya mgonjwa ingali yahitajika.

Wako wanaoficha kwa hofu ya serikali, nasi hatuwalaumu sana. Mwaka 2010, huko Kapsabet, wagonjwa walioacha dawa walitiwa gerezani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga hivyo kulikuwa kinyume cha Katiba. Kwa hivyo semeni kweli. Na mavyaa, tafadhali, ngojeni nje.

Limebaki la Ramadhani, tunaloulizwa kila mwaka. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake akipona. Daktari akimruhusu kufunga, dozi ya kawaida ni mara moja kwa siku, na saa yake yaweza kupangwa usiku, kwa ushauri wa huyo daktari. Tatizo ni vile vidonge vinavyowekwa kabatini kungojea Idi.