Nyota Changa Juu ya Kasulu, Hata Mvua Ikinyesha

Katikati ya Februari, yapata saa tatu usiku, Nebula ya Jabari hupita karibu utosini kabisa kwa mtu aliyesimama Kasulu. Kwa aliyeko Kibondo huegemea kusini kidogo tu. Nebula hiyo, ambayo Wazungu huiita Orion, ni wingu kubwa la gesi lililo kusini mwa zile nyota tatu za mshipi, na ndani yake nyota zinazaliwa hadi leo. Mtaalamu aliyeko London hulazimika kuitazama kwa mshazari, mbali upande wa kusini. Sisi tunainua uso tu.

Lakini Februari nyanda za juu za Kigoma bado zina mvua, na mara nyingi mawingu hufunga anga. Hata lingekuwa jeupe, jicho lisingefika mbali: nyota huanza maisha ndani ya gesi yenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, iliyochanganyika na vumbi linalozuia mwanga.

Hapo ndipo redio inapofaa. Wimbi la redio lenye urefu wa sentimita kadhaa ni refu mno kuliko chembe ya vumbi, hivyo hupenya kana kwamba vumbi halipo. Ndivyo Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara miaka ya 1990 kwa ajili ya wakimbizi, inavyosikika huku mvua ikipiga mabati: matone ni madogo mno mbele ya mawimbi yake.

Nyota changa hutoa mawimbi hayo kwa njia mbili. Ya kwanza ni gesi ya moto inayofuka kutoka kwenye nyota au kwenye sahani ya gesi inayoizunguka, ambamo sayari huweza kuumbika. Mawimbi yake hutulia. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Nyota hizi zina usumaku mkali, na usumaku ukijisokota kisha ukakatika, elektroni hurushwa kwa kasi kubwa na mawimbi ya redio hulipuka ghafla. Januari 2003, nyota moja ndani ya Jabari iliongeza nguvu yake ya redio zaidi ya mara tano kwa muda wa saa chache. Kwa hiyo mtafiti hatosheki na picha moja. Hurudi kutazama tena na tena.

Mwaka 2007, darubini za redio zilizotawanyika Marekani zilipima nyota za Jabari na kuthibitisha umbali wa miaka nuru 1,350 hivi. Mwaka 2016, watafiti waliotumia madishi 27 ya New Mexico walichapisha orodha ya vyanzo vya redio zaidi ya 550 katika eneo hilo moja.

Afrika nayo imo. Afrika Kusini ilizindua darubini ya redio ya MeerKAT yenye madishi 64 mwaka 2018, na sasa inajengwa SKA, darubini kubwa zaidi. Kenya, Zambia na Msumbiji, majirani zetu watatu, ni washirika wa Kiafrika wa mradi huo; Tanzania haimo. Vyuo vyetu na wizara husika vianze mazungumzo ya kujiunga, na walimu wa fizikia wa Kasulu na Kibondo wasisubiri: Jabari iko juu yao, na somo la mawimbi limo kwenye mtaala tayari.