Adrenalini: Kutoka Mbogo wa Momella Hadi Sindano ya Paja

Wanaopanda Mlima Meru kutoka lango la Momella hutembea na askari mwenye bunduki, kwani njia ile ina mbogo. Mnyama akichomoka kichakani, moyo humwenda mtu mbio, kinywa humkauka, mboni za macho hupanuka. Hiyo ni kazi ya adrenalini, homoni inayomwagwa kwenye damu na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hutanua njia za hewa, hupandisha sukari na kupeleka damu kwenye misuli. (Mwili unataka kukimbia, askari anataka utulie.)

Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyeishi Marekani, alitangaza kuwa ameitenga homoni hiyo.

Leo adrenalini ni dawa pia: hospitalini huja katika kichupa cha miligramu 1, kidogo kuliko kidole. Mtu mzima aliyeumwa na nyuki akapata mzio mkali, koo likavimba na presha ikashuka, huchomwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mishipa hubana, presha hupanda, njia ya hewa hufunguka, mara nyingi ndani ya dakika chache. Vidonge vya mzio peke yake havitoshi hapo. Ukiona mtu kaumwa na nyuki, uso umevimba na anahema kwa shida, mkimbize hospitali papo hapo.