Kutu Ndani ya Ukuta: Tulinde Chuma Katika Majengo Yetu ya Zamani



Katika Mathayo 6:19 nondo na kutu vinatajwa pamoja. Nondo wa pale ni mdudu, lakini fundi ujenzi akisikia maneno hayo huwaza chuma kilichomo ukutani. Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi kutu inavyobomoa jengo la zamani kutokea ndani, na mambo ambayo kamati ya usharika inapaswa kufanya kabla ya kununua rangi.

Chuma kiko wapi?

Tembe ya Kigogo haikuhitaji chuma. Ilijengwa kwa miti, fito na udongo. Majengo ya mawe na tofali yalikuja na misheni, serikali na reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na hapa Mvumi wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianza kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Katika majengo ya aina hiyo chuma kinaweza kuwapo juu ya milango na madirisha kama lenta, kwenye mihimili ya mnara wa kengele, katika vyuma vinavyofunga kuta, na katika nondo zilizoongezwa wakati wa ukarabati.

Kutu inavyofanya kazi

Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na hewa. Kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kati ya mara 2 na mara 6. Kwa kuwa imebanwa ndani ya ukuta, husukuma mawe na tofali mpaka ukuta unapasuka. Ufa huo huingiza maji zaidi, na kazi ya uharibifu huongezeka kasi.

Zege zuri hulinda chuma kwa sababu saruji hutengeneza utando mwembamba wa kinga juu yake. Lakini kwa miaka mingi hewa hupunguza nguvu hiyo ya saruji, na chumvi huvunja utando huo mapema zaidi. Chokaa ya zamani ilikwisha kupoteza nguvu hiyo siku nyingi, na udongo haukuwa nayo tangu mwanzo.

Wako wanaosema kutu ni tatizo la pwani, kwamba Dodoma ni nchi kavu. Ni kweli mvua zetu ni chache, lakini hunyesha kwa nguvu kati ya Desemba na Aprili, na bati moja linalovuja hulowesha ukuta ule ule kila mwaka. Tena maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi. Tukiyatumia kuchanganyia zege, tunaweka adui ndani ya ukuta kwa mikono yetu.

Mafunzo kutoka kwingine

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu ya Zanzibar, ilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Ndani yake kulichanganywa mawe ya matumbawe, zege, boriti za mikoko na mihimili ya chuma, karibu kabisa na bahari. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu kubwa zaidi ilianguka na watu 2 wakafariki. Jengo linapofika hapo, sababu huwa zaidi ya moja. Lakini jengo lenye chuma na unyevu halisubiri mpaka tuwe tayari.

Kule Athens, Ugiriki, wajenzi wa kale wa hekalu la Parthenon waliunganisha mawe kwa vyuma vilivyofunikwa na risasi, navyo vilidumu. Ukarabati ulioanza mwaka 1898 uliweka vyuma visivyo na kinga hiyo. Vikapata kutu na kuyapasua mawe ambayo vilikusudiwa kuyashika. Baadaye ilibidi viondolewe na kuwekwa titani. Nia njema peke yake haikulinda jengo.

Kamati ifanye nini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa wa kutu tunaongeza: usiuzibe kabla ya kuondoa kilichouleta. Tunashauri utaratibu huu:

1. Kagueni jengo kabla na baada ya masika. Tafuteni ufa uliolala sambamba na lenta, madoa ya rangi ya kahawia, jiwe lililosukumwa nje, na plasta inayolia kama debe tupu ikigongwa.

2. Zuieni maji kwanza. Tengenezeni paa na mifereji, na chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi.

3. Msipige plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa chokaa au udongo. Huzuia unyevu kutoka. Tumieni chokaa.

4. Pale chuma kilipoonekana, mwiteni mhandisi kabla ya kubomoa, kwani huenda chuma hicho ndicho kinachobeba ukuta. Akiisha kuweka mihimili ya muda, kutu isuguliwe yote mpaka chuma king'ae, kisha kipakwe rangi ya kinga yenye zinki. Kilicholiwa sana kibadilishwe kwa chuma kisichopata kutu.

5. Kwa zege jipya, tumieni maji na mchanga visivyo na chumvi, na nondo zifunikwe kwa zege la milimita 25 hadi 40 kila upande.

Kwa wahisani wetu

Tunashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mwelewe kwamba mfereji wa maji hauna jiwe la ufunguzi, na ripoti ya mhandisi haipendezi katika picha. Hata hivyo fedha za ukaguzi na matengenezo ndizo zinazolinda fedha zote mlizokwisha kutoa. Usharika ukiwaandikia kuomba mifereji kabla ya rangi, msidhani umepunguza maono. Chini ya lenta hiyo wanakaa watoto wa shule ya Jumapili.