Utangulizi: Ulimbwende na Uhalisia

Wanafunzi wengi hufundishwa mikondo hii miwili kwa orodha: huku mapenzi, maumbile na ndoto, kule umaskini, mji na shida za kila siku. Orodha hiyo husaidia kujibu mtihani, lakini hupotosha, kwani mapenzi yamo kote kote. Kinachotofautiana ni jicho la mwandishi.

Mchukue Werther wa Goethe, riwaya ya mwaka 1774 iliyoutangulia ulimbwende na kuufungulia njia. Kijana anampenda mwanamke mwenye mchumba, anashindwa kuubeba upendo huo, anajiua. Karibu habari yote tunaipata katika barua zake mwenyewe. Akifurahi, bonde zima linachanua. Akihuzunika, maumbile yaleyale yanageuka kaburi. Moyo wake ndio mizani ya ulimwengu, na hatupewi mizani nyingine.

Sasa mtazame Emma katika Madame Bovary ya Gustave Flaubert, iliyoanza kutoka katika jarida la Revue de Paris mwaka 1856. Naye anajiua. Ila Emma amejifunza mapenzi kwenye riwaya za kilimbwende alizosoma kwa siri akiwa shule ya masista, na Flaubert anatuandikia bei ya kila ndoto: mapazia, nguo, hati za mkopo kwa mchuuzi Lheureux, hadi amri ya kulipa faranga 8,000 ndani ya saa 24. Anawaendea wanaume waliomwapia mapenzi. Anarudi mikono mitupu. Akiwa kitandani anakufa, tunaambiwa habari za matapishi, miguu ya baridi, ladha ya wino mdomoni. Hakuna ua linalonyauka kwa ajili yake.

Kati ya vitabu hivi viwili Ulaya ilikuwa imepitia viwanda, kamera na mapinduzi ya 1848 yaliyovunja matumaini ya wengi.

Mwaka 1857 Flaubert alishtakiwa kwa kuvunja maadili. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alilalamika kwamba ndani ya kitabu hakuna mhusika awezaye kumhukumu Emma. Mahakama ilimwachilia mwandishi, lakini kwangu mimi lalamiko lile linaueleza uhalisia kuliko fasili nyingi za vitabuni: mwandishi ameonyesha, kisha amenyamaza. Hata hivyo Flaubert mwenyewe alichukia kuitwa mwanauhalisia.

Basi anza na vitabu hivi viwili kabla ya kusoma nadharia yoyote, Werther kwanza. Katika kila ukurasa jiulize ni nani anayesimulia, na fedha zinatoka wapi.