Giza, Uso na Nyongo: Asili ya Maneno ya Huzuni katika Kiingereza na Tatizo la Kuyafasiri

Katika kazi za tafsiri, maneno ya Kiingereza yanayotaja huzuni huonekana kuwa mepesi. Neno "sad" hupewa kisawe cha "huzuni". "Melancholy" nalo huwa "huzuni". "Gloom" hufanywa "giza" na, pale giza lisipofaa, hurudishwa kwenye "huzuni" ile ile. Desturi hii hujenga dhana kwamba Waingereza huiona huzuni kuwa ni giza, na giza kuwa ni weusi, na kwamba kazi ya mfasiri ni kuihamisha picha hiyo moja tu. Asili ya maneno yenyewe haikubaliani na dhana hiyo. Maneno hayo yamechipuka katika mashina mbalimbali: uso, tumbo, uzito, kalenda, damu, hata weupe. Mfasiri asiyeyajua mashina hayo huzipoteza tofauti ambazo Kiswahili kina uwezo kamili wa kuzieleza.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno "gloom" lenyewe. Katika karne ya 14 lilikuwa kitenzi chenye maana ya kununa au kukunja uso kwa kutoridhika. Mwishoni mwa karne ya 16 lilipatikana kama nomino, hasa katika Kiingereza cha Uskoti, likiwa bado linataja uso ulionuna. Maana ya giza ilikuja baadaye. Ushahidi wa awali unaotajwa na wanahistoria wa lugha ni ushairi wa John Milton wa mwaka 1629. Maana ya huzuni ya moyoni ilifuata katika karne ya 18. Basi hapa safari haikuanzia gizani ikaishia moyoni. Ilianzia usoni mwa binadamu, ikapanda hadi angani, kisha ikashuka moyoni. Giza ndilo lililofananishwa na mtu aliyenuna.

Neno "sad" nalo halikuwa na giza hata kidogo. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha "aliyeshiba", nalo lina udugu na neno la Kijerumani "satt" na la Kilatini "satis". Aliyeshiba kupita kiasi hukinai. Aliyekinai huchoka na kuwa mzito. Na kwa njia hiyo neno likapata maana ya uzito, kisha ya utulivu na umakini, na hatimaye ya huzuni. Dalili za maana ya uzito zilibaki kwa muda mrefu: pasi nzito ya chuma kitupu iliitwa kwa neno hilo, na katika baadhi ya lahaja mkate usioumuka huitwa hivyo pia. Katika zama za Shakespeare neno hilo lingeweza kumaanisha mtu makini asiyefanya mzaha. Tamthilia aliyoitafsiri Julius Nyerere mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi inaanza na Antonio akilalamika kwamba hajui sababu ya hali yake, na kwamba inamchosha. Anayeijua asili ya neno hilo atatambua kuwa uchovu huo haukuongezwa kwa ajili ya pambo tu. Maneno "grief", lililotokana na neno la Kilatini la uzito, na "depression", lililotokana na kitenzi cha kugandamiza, yamo katika kundi hili hili la mzigo.

Liko kundi la tatu lenye mashina yasiyotazamiwa. "Dismal" limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "siku mbaya". Kalenda za Ulaya katika Zama za Kati zilitenga siku mbili katika kila mwezi, yaani siku 24 kwa mwaka, ambazo zilihesabiwa kuwa za mkosi na hazikufaa kuanzia safari wala shughuli kubwa. Mswahili aliyezoea habari za siku yenye nuhusi hahitaji kueleweshwa zaidi. "Dreary" lilianza na maana ya kutapakaa damu. "Bleak" lilimaanisha weupe wa kupauka, na lina udugu na neno la kufanya nguo iwe nyeupe. Kisha likataja mahali patupu papigwapo na upepo, na mwisho hali ya kukata tamaa.

Weusi unapatikana waziwazi katika "melancholy", linaloundwa na maneno mawili ya Kiyunani: "nyeusi" na "nyongo". Waganga wa Kiyunani waliofuata mafunzo yanayohusishwa na Hippocrates walifundisha kwamba mwili una majimaji manne, yaani damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kwamba nyongo nyeusi ikizidi humtia mtu huzuni isiyo na sababu ya nje. Mafunzo hayo yalidumu Ulaya kwa karne nyingi, na Robert Burton aliyaandikia kitabu kikubwa mwaka 1621. Kwa hiyo weusi wa neno hili ni weusi wa uganga, wala haukuhusu rangi ya watu. Kwamba lugha za Ulaya zilikuja kuutumia weusi kuwadunishia Waafrika ni kweli, lakini hilo ni jambo jingine lenye historia yake, na hoja yake hudhoofika inaposimamishwa juu ya neno lisilohusika.

Mazingira nayo yana neno lake katika tafsiri. Inaaminika kwamba "sombre", lililopokewa kutoka Kifaransa, asili yake ni maneno ya Kilatini yenye maana ya "chini ya kivuli". Katika nchi ya baridi, kukosa jua ni kukosa faraja. Kwa Waswahili kivuli ni hifadhi, na methali isemayo kwamba kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali hukizungumzia kivuli kama fadhila. Vivyo hivyo, wingu zito ambalo Mwingereza hulitaja kwa "gloomy" humfurahisha mkulima wa Ukambani aliyengoja mvua. Kuliita "wingu la huzuni" ni kuhamisha hali ya hewa ya London pamoja na neno lake.

Haina maana kwamba Kiswahili hakikuoanisha huzuni na giza. "Ghamu" limetoka katika shina la Kiarabu linalohusu kufunika, ambalo pia limetoa neno la mawingu. Mwenzake, "hamu", lilitaja huzuni katika lugha ya washairi, na leo latumika zaidi kwa shauku. Maneno ya Kiswahili nayo husafiri.

Inafaa basi mfasiri ajiulize, kabla ya kufungua kamusi, neno lililo mbele yake linakaa wapi. Likikaa usoni, yapo "kununa" na "kusawijika". Likikaa chumbani au angani, upo "utusitusi". Likiwa ni mzigo, ipo "kulemewa" na "uzito wa moyo". Likitaja mahali patupu na mtu aliyeachwa peke yake kwa pamoja, lipo "ukiwa", ambalo hulikaribia "bleak" kuliko neno jingine lolote. Likiwa ni pigo la msiba wa ghafla, kipo "kihoro". Na majonzi yanayokaa na mtu kwa muda yana "simanzi" na "jitimai".

Kamusi ya lugha mbili inayoyakusanya yote haya chini ya "huzuni" haisemi uongo, lakini humfundisha mwanafunzi kwamba lugha yake ina neno moja pale ilipo na maneno kumi. Ubaya wa mafunzo hayo hauonekani katika tafsiri peke yake. Huonekana zaidi siku mwanafunzi huyo atakapoandika kwa Kiswahili chake mwenyewe, akakuta hana la kusema ila "huzuni" na "giza".