Dozi ya Tatu Haina Mwenyewe

Katika chumba cha sindano cha zahanati, iwe ya Kangemi, ya Riruta au ya orofani River Road, hukosi kukuta kisanduku cha kadibodi chenye tundu juu. Sindano iliyokwisha tumika hutakiwa kutumbukizwa humo moja kwa moja, bila kurudishiwa kifuniko, na kisanduku kikifika robo tatu kifungwe kipelekwe kuchomwa. Lakini siku ya foleni ndefu hujaa hadi ncha zikachomoza tunduni, na mkono unaoisukuma ya mwisho iingie ndio unaodungwa. Damu kidogo mno, ambayo jicho halioni, inatosha. Kama sindano hiyo imetoka kwa mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, uwezekano wa mhudumu asiye na kinga kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ile. Ajali hiyohiyo, ikiwa ni virusi vya ukimwi, huambukiza takribani watu 3 katika kila 1,000. Tena virusi vya homa ya ini havifi upesi: katika damu iliyokauka juu ya meza huweza kuambukiza kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo hata anayepanguza meza kesho yake yumo hatarini.

Kinga ya balaa hili ni ya zamani. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walichapisha habari za protini waliyoikuta katika damu ya mzawa wa Australia, ambayo baadaye ilibainika kuwa ni ganda la kirusi hiki. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na mwaka 1986 ikaja inayotengenezwa kwa hamira, bila damu ya mtu yeyote. Dozi ni tatu: ya leo, ya mwezi ujao, na ya mwezi wa sita. Watu wazima wenye afya wakizimaliza, zaidi ya 9 katika kila 10 hupata kinga. Pamoja na hayo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Vaccine, uliokusanya tafiti kutoka nchi kadhaa za Afrika, ulikadiria kuwa wahudumu wa afya waliokamilisha chanjo barani ni asilimia 24.7 tu. Wanaotuchoma sisi sindano, robo yao tu ndio waliomaliza zao.

Tafiti za namna hii mara nyingi huuliza mambo matatu: unajua nini, unaonaje, na umefanya nini. Majibu nayo hufuata mkondo mmoja: wengi wanajua kwamba ugonjwa huambukizwa kwa damu, wengi wanaisifu chanjo, wachache wamemaliza dozi. Kisha ukurasa wa mwisho hupendekeza elimu zaidi. Hapo ndipo ninapokataa. Ikiwa mtu anajua na anaunga mkono lakini hajafanya, kumfundisha tena kile anachokijua hakumsogezi hatua moja. Mtazame muuguzi yuleyule anapodungwa na sindano ya mgonjwa mwenye virusi vya ukimwi. Anajua kwamba vidonge vya PEP, vya kuzuia maambukizi baada ya ajali, havina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kwisha, anajua atamwona nani, na anajua hatalipa. Akili yake ni ileile. Tofauti ni kwamba ukimwi ulipata mpango wenye bajeti, rejista na mtu wa kuulizwa.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi katika kliniki ya watoto. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2001 kuwakinga watoto wachanga dhidi ya homa ya ini kwa chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto huyo ana kijitabu. Tarehe ya kurudi huandikwa ndani yake, mama husomewa, na asipotokea, mhudumu wa afya ya jamii huenda kubisha mlangoni. Mtoto hajui lolote kuhusu ini lake, wala hajaulizwa mtazamo wake, na bado anachanjwa dozi ya tatu kwa sababu kalenda yake ina mwenyewe. Muuguzi anayemchanja hana kijitabu. Dozi yake ya kwanza aliipata siku kampeni ilipopita kituoni, na ya pili pengine aliikumbuka mwenyewe. Mwezi wa sita ulipofika hakuwepo tena pale: alikuwa mwanafunzi Hospitali ya Kenyatta, akapelekwa Mbagathi, akamalizia Mutuini, au kaunti, iliyopokea huduma za afya baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, ilimhamisha, au mkataba wake uliisha na sasa anajaza zamu katika kliniki mbili za Kawangware. Kadi ilibaki kwenye koti la zamani. Ukimwuliza, atakwambia amechanjwa, naye haongopi.

Marekani inatuonyesha kinachotokea kalenda ikipewa mwenyewe. Mwaka 1983, chanjo ikiwa tayari madukani, wahudumu wa afya huko bado walikuwa wakiambukizwa kwa makadirio ya 17,000 kwa mwaka, kwa kiwango kilichozidi cha raia wa kawaida. Mwaka 1991 serikali ilitoa kanuni: mwajiri amtolee mhudumu anayekutana na damu chanjo bila malipo, ndani ya siku 10 za kazi tangu aanze kazi hiyo, na asiyetaka atie sahihi karatasi ya kukataa. Kufikia mwaka 1995 maambukizi yalikuwa yameshuka hadi kama 400, chini ya kiwango cha raia wenyewe. Mtu anaweza kupinga akisema kwamba glovu, visanduku vya sindano na tahadhari kwa damu ya kila mgonjwa vilichangia, na kwamba uchanjaji ulikuwa umeanza kuongezeka kabla ya kanuni. Ni kweli, vilichangia. Lakini glovu haizuii ncha ya sindano. Ninachokipenda zaidi katika kanuni ile ni karatasi ya kukataa. Inamwachia mtu uhuru wake kamili, ila inabadilisha kinachotokea asipofanya chochote: huku kwetu anayenyamaza hukosa chanjo, kule anayenyamaza huitwa ofisini aamue.

Sisemi elimu haina kazi. Kuna mambo mawili ambayo hata wasomi wa wodini huyakosea, na yanagharimu. La kwanza ni dhana kwamba aliyechelewa lazima aanze upya. Hapana: aliyepata dozi mbili akapotea miaka miwili anahitaji ya tatu tu. La pili ni kutopima kingamwili mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho.  Kinachotakiwa kwa mhudumu ni jibu moja, kwamba mwili wake umeitikia au haukuitikia, maana wachache ambao mwili haukuitikia huhitaji kuchanjwa tena, na wakidungwa wapewe imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24. Wapo pia wanaosema tatizo litajimaliza, kwa kuwa vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2001 walichanjwa utotoni. Watafika, lakini wanaosimamia wodi, maabara na vyumba vya upasuaji leo wengi walizaliwa kabla. Na wanaojipa moyo kwamba zaidi ya watu wazima 9 katika 10 wakiambukizwa hupona wenyewe wasisahau wanaobaki: hao hukaa na kirusi maishani, wengine wakimeza dawa zinazokituliza bila kukiondoa, na ini likiwa katika hatari ya kusinyaa au kupata saratani.

Pingamizi zito kuliko yote halitamkwi katika dodoso. Mhudumu anaogopa kupimwa. Chanjo haimsaidii aliyekwisha ambukizwa, kwa hiyo busara ni kupima kwanza, na akikutwa na kirusi, wenzake watamwonaje, na ajira itakuwaje? Hofu hiyo ina msingi, na kuipuuza ni kumkosea mtu. Jibu lake ni siri ya kweli, matibabu, na tamko lililoandikwa kwamba hafukuzwi. Mwaka 2012 taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, CDC, ilieleza wazi kuwa kuwa na kirusi hiki pekee hakumwondolei mtu sifa ya kusomea au kufanya kazi ya tiba. Chuo kinachopima wanafunzi bila kutangaza msimamo kama huo kinawafundisha kukwepa maabara.

Kenya haihitaji kuanzia sifuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake dhidi ya hatari za kazi, na sindano yenye damu ni hatari ya kazi kama ilivyo mashine isiyo na kizuizi. Kliniki za Westlands na za katikati ya jiji hupewa leseni; orodha ya wafanyakazi na tarehe za dozi zao ingeweza kuambatishwa. Mwanafunzi naye achanjwe mwaka wa kwanza, kabla hajaingia wodini, chuo kikiwa bado kinajua anakaa wapi. Orodha hiyo lazima ianze na mtu ambaye madodoso mengi humruka: anayefanya usafi. Yeye ndiye hubeba ule mfuko wa taka usiku, mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya nje, na ncha iliyopenya plastiki humpata pajani. Mkataba wake ukiwa wa miezi mitatu, dozi ya mwezi wa sita itamkuta anafagia jengo jingine, chini ya kampuni nyingine, na hakuna aliyeandika popote kwamba alipata mbili.